Kifuniko cha Gorogoro: Kurusha Visahani Kati ya Miti ya Lumakanda

Gofu ya visahani huchezwa kwa kurusha kisahani cha plastiki kutoka mahali palipotiwa alama hadi kwenye kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo. Mchezaji hukifuata kisahani chake, akakirusha tena kutoka kilipoangukia, na anayefika kikapuni kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Kiwanja chake hakitaki nyasi za kufyekwa kila asubuhi. Hutaka miti, na pakiwa na maji kando mchezo hunoga zaidi.

Huko Lumakanda, makao makuu ya kaunti ndogo ya Lugari katika Kaunti ya Kakamega, mchezo wa jinsi hii ulikuwepo bila jina wala kikapu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashamba ya walowezi yaligawanywa, na watoto wa familia zilizopewa viwanja walikulia kati ya mahindi, mikaratusi na mabwawa ya kunyweshea ng'ombe. Chombo chao kilikuwa kifuniko cha mkebe wa kilo 2 wa mafuta ya kupikia. Mkebe wenyewe, mafuta yakiisha, uligeuka gorogoro, kipimo cha mahindi sokoni, na hakuna mtoto aliyethubutu kuuchezea. Gorogoro haifunikwi. Ndiyo maana kifuniko kiliachiwa watoto.

Kifuniko kilichong'olewa kwa mpini wa kijiko hutoka kimepinda, hivyo kazi ya kwanza ilikuwa kukilaza juu ya jiwe bapa na kukigongagonga kwa jiwe dogo hadi kikae sawa. Ukingo uliokunjwa haukuguswa. Huo ndio uliobeba uzito, na uzito ukiwa pembeni kitu huzunguka kwa muda mrefu zaidi, na kisichozunguka hakiruki. Bati lililokatwa tupu, lisilo na ukingo, liliyumba na kuanguka baada ya hatua chache. Watoto hawakuwa na maneno ya fizikia, lakini walilijua jambo hilo vidoleni: kidole gumba juu, cha shahada kimeuzunguka ukingo, kiwiko kinatangulia, na mwisho kifundo cha mkono kinafyatuka.

Shabaha ilikuwa mkaratusi uliochunwa gome kwa panga kwenye kimo cha kifua, ukabaki na doa jeupe linaloonekana kwa mbali. Kifuniko kikilipata doa, hata walio nyuma ya miti walisikia mlio. Kutoka mti hadi mti palihesabiwa mirusho, na ubishi wa hesabu ulikuwa sehemu ya mchezo. Bwawa lilikuwa adhabu halisi. Katika sheria za leo, kisahani kikitumbukia kwenye maji yaliyotangazwa kuwa nje ya mipaka, mchezaji huongezewa mrusho mmoja na kuendelea. Huko Lumakanda, aliyekitumbukiza kifuniko aliingia mwenyewe kwenye tope hadi magotini akikipapasa kwa miguu, kwa kuwa mkebe mwingine haungefunguliwa nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi.

Kwingineko duniani mchezo huu ulianza vivyo hivyo, kwa vifuniko. Mwaka 1926, katika mji mdogo wa Bladworth huko Kanada, watoto wa shule walirusha vifuniko vya mikebe kwa shabaha zilizopangwa kuzunguka uwanja wao. Mwaka 1937 Fred Morrison wa Marekani alicheza na mchumba wake kwa kifuniko cha mkebe wa bisi, na miaka ishirini baadaye kisahani chake cha plastiki kilikuwa kikiuzwa na kampuni ya Wham-O kwa jina la Frisbee. Ed Headrick, aliyefanya kazi katika kampuni hiyo, alipanga kiwanja cha kwanza cha kudumu Oak Grove, California, mwaka 1975. Wakati huo shabaha zilikuwa nguzo tu, kama mikaratusi ile. Kikapu cha minyororo alikibuni ili kukomesha ubishi kuhusu kisahani kilichogusa na kisichogusa, ubishi ambao mtoto yeyote wa Lumakanda angeutambua mara moja. Mwaka 1983 Dave Dunipace alikipa kisahani ukingo mwembamba unaopasua hewa, na umbali wa mrusho ukaongezeka sana.

Huko Lumakanda, kilichobadilika zaidi ni miti. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifunguliwa Webuye mwaka 1974, na mashamba ya miti ya Turbo, jirani na Lumakanda, yalipandwa misonobari na misaipresi ya kukilisha. Miti hiyo ilisimama kwa mistari iliyonyooka. Kwa mrushaji ni neema: kila mstari ni ujia mrefu, na kifuniko kikipotoka kidogo tu kinagonga shina. Lakini mti wa kiwandani hukatwa pamoja na wenzake wote, na kiwanja kilichozoeleka kwa miaka kilitoweka katika msimu mmoja. Kisha miche ilipandwa pamoja na mahindi ya wakulima, na kifuniko kilichoanguka ndani ya mahindi ya mtu kilileta ugomvi. Kupotea kwa kiwanja ni hasara ambayo haikuandikwa katika hesabu za mbao, ingawa ilikuwa hasara ya kweli. Baadaye ukataji wenyewe ulibadilika: kiwanda kilifungwa mwaka 2009; marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali ilitangazwa mwaka 2018 na kuondolewa mwaka 2023.

Kifuniko nacho kilibadilika. Mikebe ya bati iliachia nafasi ile ya plastiki, yenye vifuniko laini na vyepesi ambavyo upepo huvibeba unakotaka. Huelea bwawani, kwa hiyo tope la magotini limekwisha, ila haviendi mbali na havina mlio.

Msonobari au msaipresi ukishakatwa hauchipui tena. Mkaratusi huchipua. Kwenye kisiki cha mti uliokuwa na doa jeupe hutoka machipukizi mengi, mwenye shamba akaacha mawili au matatu yanenepe yawe nguzo. Baada ya miaka michache mahali pa shina moja pana mashina matatu yenye uwazi wa shubiri chache katikati, na kifuniko kilichorushwa vizuri hupita humo bila kugusa upande wowote.