Kazi inayowasha mikono

Utomvu wa mti wa urushi wa Japani huwasha na kutoa vipele, kama mafuta ya ganda la korosho. Miti hiyo miwili ni ya jamii moja. Ukishakauka juu ya bakuli la mbao hauwashi tena, na watu hunywea supu. Lakini fundi huushika ukiwa mbichi.

Katika kazi iitwayo maki-e, fundi huchora kwa utomvu huo, kisha hunyunyiza unga wa dhahabu kabla mchoro haujakauka. Ukoo wa Koami ulirithishana ufundi huo tangu karne ya 15.

Matsuda Gonroku alianza akiwa na miaka 7, akifundishwa na kaka yake. Uzeeni alimfundisha Murose Kazumi, kijana asiye wa damu yake, ambaye baba yake pia alikuwa fundi wa urushi. Mwaka 2008 serikali ilimtambua Murose kuwa hazina hai ya taifa.

Mzazi, huenda mwanao asiipende kazi yako. Je, yule mtoto wa jirani anayesimama mlangoni akikutazama, umemkaribisha?