Simu Ikigoma Kuamka, Usiharakishe Kuifuta

Jambo ninalotaka kusema nanyi leo ni dogo kwa macho, lakini limekwisha kuliza watu. Ni habari ya simu hizi za kupangusa. Mtu huwasha simu yake asubuhi, jina la kampuni latokea kiooni, kisha basi. Jina hukaa papo hapo hata adhuhuri. Au kioo hufifia, simu ikatetemeka, jina likatokea tena, likapotea tena, wala haifiki mahali pa kuandika namba ya siri. Wengi husema simu imekufa. Mara nyingi haijafa.

Sababu ni hii. Ndani ya simu mna programu ndogo iamkayo kwanza, na kazi yake ni kuiamsha ile kubwa iendeshayo simu nzima, ambayo katika simu nyingi za kwetu huitwa Android. Ni kama mtunza sakristia afikaye alfajiri, akafungua mlango, akawasha mishumaa, akamngoja padre. Padre asipotokea, huyu wa simu hana akili ya kwenda kuuliza. Huzima mishumaa na kuanza upya. Programu kubwa yaweza kuharibika kwa kuwa simu iliishiwa chaji katikati ya kujisasisha, au kwa kuwa nafasi ya kuhifadhia imejaa pomoni. (Na tuambiane kweli: imejaa nini? Picha za mawaridi na vikombe vya chai zenye maneno “Asubuhi njema”, ambazo hakuna azitazamaye mara ya pili.) Pengine si programu hata kidogo, ni kitufe cha kuwashia kilichonasa kwa vumbi na jasho.

Alikuja ofisini kwetu mama mmoja mjane. Ndani ya simu yake mlikuwa na sauti za marehemu mumewe, alizokuwa akimtumia jioni kwa WhatsApp alipokuwa kazini mbali. Mama alikuwa ametoka kwa fundi wa sokoni, naye fundi alimwambia, “Tutaipiga flashi tu, mama, itarudi kama mpya.” Akamwuliza, “Na sauti za baba?” Akajibiwa kwamba hizo zitaondoka. Basi mama akachukua simu yake, akapanda gari, akaja. Akaniambia, “Mwalimu, mimi sitaki mpya.”

Simlaumu fundi yule kwa kujua dawa moja tu. Namlaumu kwa kuwa alingoja kuulizwa. Mwenye simu hana budi kuambiwa kwanza kitakachopotea, kisha achague mwenyewe.

Tuliiweka simu kwenye chaji muda wa saa nzima, tukatoa laini na kadi ya kumbukumbu. Kisha tukabonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na kile cha kupunguza sauti, tukavishika mpaka kioo kikawa cheusi. Katika simu nyingi kufanya hivyo ni kuilazimisha ianze upya, wala hakufuti kitu. Ikaanza, ikakwama tena. Mara ya pili, kioo kilipokuwa cheusi, tukashika cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti. Ikatokea orodha ya maneno ya Kiingereza. (Simu hutofautiana, nyingine haionyeshi orodha hiyo mpaka iunganishwe kwa waya na kompyuta.) Hapo kupangusa kwa kawaida hakufanyi kazi: vitufe vya sauti hupandisha na kushusha, na cha kuwashia huchagua.

Sasa angalieni sana. Katika orodha hiyo mna mistari miwili ifananayo kama mapacha. “Wipe cache partition” hufuta takataka za muda tu, na picha na sauti hubaki. “Wipe data/factory reset” hufuta kila kitu kilichomo ndani ya simu. Mara nyingi mistari hiyo hukaa jirani, na kidole kikiteleza, yamekwisha. Mtu asiyesoma Kiingereza amwite anayesoma, wasome wote wawili polepole. Tulichagua ule wa kwanza, kisha “Reboot system now”. Simu ilikawia, mama akasali kimya, hata picha ya wajukuu ikatokea kiooni. Siku hiyo hiyo sauti zote zilinakiliwa kwenye kadi na katika simu ya mwanawe.

Sisemi dawa hii huponya simu zote. Ziko zisizoamka mpaka zifutwe kabisa, na nyingine ubovu wake uko katika vyuma vyenyewe, hapo ni kazi ya fundi. Ukimpelekea, toa laini kwanza, na namba yako ya siri ya fedha usimwambie hata akiiomba kwa upole. Wazee wengi hudhani simu ikifutwa fedha zao nazo zimefutwa. Sivyo. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, haiweki fedha ndani ya simu. Ziko katika hesabu ya kampuni kwa jina lako. Tia laini katika simu ya kitochi, uliza salio, utaliona.

Liko jambo la mwisho, nalo huwakamata wengi. Tangu mwaka 2015 simu za Android, zikifutwa kwa njia ya orodha ile, hudai anwani ya Google iliyokuwamo pamoja na neno lake la siri, ili mwizi asifaidi. Lakini wengi wetu anwani hiyo tulifunguliwa na muuzaji dukani, naye akaondoka nayo kichwani. Leo, simu ikiwa nzima, mwombe kijana wako akuonyeshe anwani hiyo, mbadilishe neno la siri, uliandike kwa mkono wako kwenye karatasi, uiweke nyumbani pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya ubatizo wa watoto.