Njia ya Kwenda Maporomoko ya Isiukhu

Mtu atokaye mjini Kakamega kwa barabara kuu iendayo Webuye hupita kati ya mashamba ya mahindi, miwa na migomba yaliyobanana sana. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa katika kila kilometa moja ya mraba ya kaunti hiyo wanaishi watu 618, na ye yote atazamaye dirishani mwa gari atasadiki. Baada ya kilometa zipatazo 20 huonekana njia ya Buyangu, mkono wa kuume. Huko mbele mashamba hukoma ghafula na msitu huanza, na msafiri aliyekuwa akichomwa na jua hujiona amefunikwa na kivuli kizito, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Msitu huu ni masalio, upande wa mashariki, ya ule msitu mkubwa wa mvua ambao zamani ulitanda kutoka Kongo na kupita Uganda. Serikali iliutia chini ya ulinzi mwaka 1933. Eneo lake ni kama kilometa 240 za mraba, walakini msitu wenyewe wa asili haufiki hata nusu yake. Pengine pote ni nyasi, chai na miti iliyopandwa kwa mistari.

Njia ya kwenda kwenye maporomoko ni nyembamba, nayo haina huruma. Mizizi imeikata kama ngazi mbovu, na penye bonde tope hushika kiatu kikabaki nyuma ya mwenyewe. Yafaa kuondoka asubuhi, kwa maana mvua hupenda kunyesha alasiri. Tena yafaa kuingiza miguu ya suruali ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu. Asiye na kiongozi asijaribu. Vijia hugawanyika mara kwa mara, na vyote vinafanana.

Kiongozi mwema huijua miti kwa majina ya Kiluhya kama mwalimu ajuavyo wanafunzi wake. Huonyesha mwiritsa, ambao gome lake hununuliwa ng'ambo kwa dawa ya ugonjwa wa tezi uwapatao wanaume wazee. Mti uchunwao gome pande zote hufa ungali umesimama, nayo ni hasara kubwa kwa fedha kidogo. Huonyesha pia mukombero, mzizi ambao watu hupenda kuutafuna. Umechimbwa sana hata wakulima wengine sasa huupanda shambani. Juu ya vichwa, mbega weusi kwa weupe huruka toka tawi hata tawi, na mara huonekana ndege mkubwa wa rangi ya samawati, mzito kama kuku, ambaye hukimbia juu ya matawi kuliko kuruka.

Maporomoko husikika kabla ya kuonekana. Si marefu, na aliyeyaona yale ya Thika asitazamie makubwa hapa. Mto Isiukhu hujitupa juu ya miamba, ukageuka povu, kisha ukatulia chini ya miti na kuendelea na safari yake hata kuingia katika Nzoia. Hakuna nyumba wala sauti ya gari. Katika nchi yenye watu wengi namna hii, upweke huo peke yake watosha kumlipa mtu taabu ya njia.

Wageni wengine huuliza kama maji yale ni ya moto, kwa kuwa wamesikia habari za chemchemi za Bogoria. La, ni ya baridi. Kule Bogoria ardhi ya Bonde la Ufa imepasuka, na joto la chini li karibu. Miamba ya Kakamega ni ya kale mno, umri wake wapita miaka milioni 2,500, nayo imekwisha poa. Ilichoficha ni dhahabu. Habari yake ilipoenea mwaka 1931 Wazungu walimiminika, na mwaka 1932 sheria ya ardhi ya wenyeji, iliyotungwa miaka miwili tu kabla yake, ikabadilishwa ili wachimbaji wapate nafasi. Katika kilima cha Lirhanda, upande wa kusini wa msitu, lipo shimo lililoachwa. Siku hizi wapangaji wake ni popo.

Upande huo wa kusini jirani wa msitu huruhusiwa, kwa malipo, kuokota kuni kavu na kulisha ng'ombe. Kaskazini, penye maporomoko, yote mawili yamekatazwa tangu sehemu hiyo ilipofanywa hifadhi ya taifa katika miaka ya 1980. Mwenye jiko asiye na kuni haoni uzuri wa amri hiyo, ingawa kivuli cha msitu kinene zaidi kiko huko.

Msafiri arudipo barabarani mvua ya alasiri huwa imekwisha anza. Hujikinga chini ya paa la duka, na mbele yake hupita akina mama wenye mizigo ya kuni vichwani. Kuni hizo ni za mkaratusi, uliopandwa mpakani mwa shamba.