Nikahi Dakika Kumi, Karatasi Miezi Ishirini



Nikahi yetu ilisomwa baada ya sala ya Alasiri katika msikiti mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, na haikuzidi dakika kumi. Walii alitamka, bwana harusi akaitikia, mashahidi wakasikia, halua na kahawa zikapita. Tulidhani jambo limekwisha. Mbele ya serikali ya Marekani, lilikuwa ndio kwanza laanza.

Mume ni raia wa Marekani, akifanya kazi Columbus, Ohio. Alikaa nasi wiki tatu akarejea kazini. Mke akabaki kwa wazazi wake, Kibokoni. Hatua ya kwanza ya kutafuta grini kadi ilikuwa fomu I-130, ambayo kwayo mume huthibitisha kuwa ndoa ni ya kweli. Ikikubaliwa, faili hupelekwa Kituo cha Taifa cha Viza. Huko hulipwa ada, hujazwa fomu DS-260, na mume hutia sahihi dhamana ya I-864 kwamba atamkimu mkewe, kwa pato lisilopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa nchini humo. Kisha huja cheti cha polisi cha tabia njema, uchunguzi wa afya, na mwisho mahojiano ubalozini, Nairobi.

Kila karatasi ilikuja na mtihani wake. Jina la mke lilikuwa na herufi "u" katika cheti cha kuzaliwa, na halina katika kitambulisho. Herufi hiyo moja ilitugharimu kiapo kwa wakili na wiki kadhaa za kungoja.

Lililotuumiza zaidi ni picha. Picha zetu za nikahi zamuonyesha bwana harusi ameshikana mkono na baba mkwe. Bibi harusi hayumo, kwani alikuwa nyumbani na wanawake wenziwe, ambako kamera zilikatazwa. Nayo sheria ya uhamiaji ya Marekani haiihesabu ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja ilipofungwa, ila iwapo walikutana kama mume na mke baada yake. Jambo ambalo kwetu huzungumzwa na somo peke yake, faraghani, sasa huenda likaulizwa dirishani na mgeni.

Mwezi wa kumi na nne, mume alipokuja likizo, akatujia dalali mmoja. Alituahidi albamu nzima: tubadilishe nguo mara kadhaa kwa siku moja, ionekane ni picha za miaka. Hatutaficha kwamba usiku ule tulikaribia kukubali. Majirani walishaanza kuuliza, kwa upole wenye mwiba, mume yu wapi. Asubuhi baba alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Ndoa yenu ni ya kweli. Mukiitilia uongo, mutakuwa nyinyi ndio wa kwanza kuitilia shaka." Dalali hatukumrudia.

Tukakusanya tulivyokuwa navyo: cheti cha Kadhi, tiketi za safari mbili, stakabadhi za fedha za kila mwezi, na barua za wazee waliohudhuria. Afisa alipouliza kwa nini bibi harusi hayumo pichani, mke alijibu kwamba aliulizwa ridhaa yake kabla ya nikahi, walii akamuozesha, na jioni ile mumewe akaingia nyumbani. Alisema bila kuinamisha uso. Hakupewa jibu siku hiyo. Alipewa karatasi ya kutaka hati moja zaidi. Wiki tano baadaye pasipoti ilirudi na viza.

Leo tuko pamoja Columbus. Kwa kuwa aliingia kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, kadi yake ni ya masharti, ya miaka miwili tu. Katika siku 90 za mwisho wake itatupasa tuombe pamoja, kwa fomu I-751, masharti yaondolewe. Basi stakabadhi twazihifadhi tena, ndani ya kasha alilotupa mama siku ya kuagana.

Wazazi wenye mabinti walioposwa ng'ambo, twawausia: isajilini ndoa mapema, linganisheni majina katika kila cheti, na mupige japo picha moja ya heshima, wawili wakiwa kati ya jamaa zao. Na akija dalali, muulizeni kwanza baba.

Wabillahi tawfiq.