Makasia Manane Hadi Kokwa

Ahadi ilitolewa kwenye chai ya saa nne, na mambo mengi ya hatari huanzia hapo. Mmoja wetu alikuwa amesikia kwamba Waingereza huvuka mlango bahari hadi Ufaransa kwa makasia, watu wakiwachangia kwa ajili ya wagonjwa. Sisi wa Nakuru bahari hatuna, ila Ziwa Baringo liko karibu. Tukatangaza ofisini kwamba tutapiga makasia kutoka Kampi ya Samaki hadi kisiwa cha Kokwa, fedha zikanunue vitabu vya watoto wa huko.

Tuliondoka Nakuru usiku, watu wanane ndani ya matatu ya kukodi. Pale Mogotio tulivuka ikweta gizani. Tulipofika Marigat kulikuwa kumepambazuka.

Kampi ya Samaki, ukingo wa ziwa haupo tena ulipokuwa. Maji yamekuwa yakipanda tangu mwaka 2010 hivi, na mwaka 2020 yalimeza nyumba, hoteli na barabara. Migunga iliyokauka bado imesimama humo. Tena maji yenyewe ni ya kahawia kama chai ya maziwa, huoni kilicho chini. Kapteni, kijana wa hapo aliyeshika usukani, alikuwa akinyoosha kidole tu: "Hapo kuna paa. Zungukeni."

Kuzunguka tulijua vizuri mno. Kila mmoja alivuta kwa wakati wake, boti ikageuka ikatazama tulikotoka. Aliyetuokoa ni mhasibu wetu, mwalimu wa kwaya, ambaye aliacha kuvuta akaanza kuhesabu: moja chovya, mbili vuta. Kufikia katikati, viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na mgongo nilikuwa nausikia mfupa kwa mfupa.

Tulipopumzika, kapteni alituonyesha upande wa Longicharo. Ilikuwa rasi, maji yakaifanya kisiwa, na twiga tisa wakanaswa. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 walivushwa hadi hifadhi ya Ruko juu ya jukwaa la chuma lililoelea kwa mapipa matupu.

"Lakini wao hawakupiga kasia," akasema.

Kokwa tulipokewa na mzee mmoja wa Kiilchamus. Alitutazama tukishuka kwa kushikana, akauliza mbona tumejitesa na boti za injini zipo. Nikamweleza kwamba watu wetu hutoa wakiona jasho. Nilipolisema kwa sauti niliona aibu kidogo. Harambee za baba zangu zilitaka kadi ya mchango na jina la mwenye shida, basi.

Mzee akafikiri. "Si mngejimwagia maji kule kule Kampi ya Samaki, mkapigwa picha?"

Tulikabidhi vitabu. Mchana upepo ulivuma, kapteni akakataa katakata habari ya makasia, tukarudi kwa injini. Haikuchukua hata robo saa. Hakuna aliyepiga picha.