Maporomoko ya Junín, maji madogo juu ya shaba

Mwezi huu tutoke kidogo katika vumbi letu na twende mbali. Ninakuita tupande milima ya Andes, katika inchi ya Ekuador. Usichanganye na Équateur yetu ya Mbandaka! Hii ya leo iko Amerika ya Kusini, upande wa bahari ya Pasifiki. Majina yanafanana kwa sababu mustari wa ekwata unapita huku na kule. Lakini joto halifanani. Juu ya ile milima mirefu watu wanavaa makoti ya manyoya ya kondoo mwaka muzima.

Utatoka Quito, muji mukubwa wa serikali, mpaka Otavalo, kwenye soko ya nguo zinazofumwa na Wakichwa, wenyeji wa zamani wa inchi ile. Wageni wengi wanaishia pale, wananunua blanketi, wanarudi. Wewe usirudi. Tafuta bisi ya kwenda Intag. Itapanda kwanza nyuma ya mulima Cotacachi, wenye metre 4.939, mahali pa majani na upepo ambapo mukono hautoki mufukoni. Kisha njia inaanza kushuka, na inashuka bila mwisho. Kila kona joto linaongezeka: utaona mahindi, kisha miwa, kisha kahawa na ndizi. Utapita Apuela, na karibu yake Nangulví, ambako maji ya moto yanatoka chini ya udongo na watu wanaoga ndani. Kutoka Desemba mpaka Mei mvua inaweza kukata njia, na ninyi munaojua njia zetu wakati wa mvua sina lazima ya kuwaelezea zaidi. Munashuka, munasukuma, munapanda tena.

Mwisho wa njia ndiyo Junín. Kijiji kiko kidogo, familia makumi machache tu, kwenye urefu wa metre 1.500 hivi. Wenyeji wake si Wakichwa. Wanasema Kispanyola, na wazee wao walikuja pale kukata pori na kulima. Kuna shapeli, kuna nyumba za mbao, kuna kahawa iliyoanikwa. Kuna pia nyumba ya mbao ya wageni, ambayo kijiji kiliijenga kwa pamoja. Mutu mumoja hawezi kusema, hii ni yangu.

Asubuhi utavaa mabote ya mpira. Nisikilize vizuri juu ya hayo mabote: kiatu cha Siku ya Mungu kitabaki katika matope ya saa ya kwanza. Utapewa mutu wa kukuongoza, na mutaingia katika pori la kijiji, lenye karibu hekta 1.500. Ni pori la mawingu. Ukungu unapanda kutoka upande wa bahari, unakamatwa na majani, na maji yanaanza kutonya hata siku ambayo mvua hainyeshi. Kila muti umevaa nguo ya majani madogo yenye maji, kama sifongo. Juu ya matawi kunaota maua ya orkidi bila udongo. Kule ndani kuna dubu mwenye duara nyeupe kuzunguka macho, na nyani mwenye mikono mirefu aliyebaki kidogo sana katika dunia yote, lakini usitegemee kuwaona. Wanakusikia wewe mbele.

Na vyura. Utacheka, pasta anaandika juu ya vyura. Lakini kuna chura mumoja mudogo mwenye pua ndefu, ambaye wenye elimu walimwona mara ya mwisho katika mwaka wa 1989. Miaka ilipita, wakasema amekwisha duniani. Katika mwaka wa 2016, karibu na Junín, walikuta wa jamii yake 4, wazima. Shika habari ya chura huyu, atarudi mbele ya waamuzi.

Kisha kuvuka vijito na kuteleza mara nyingi, utasikia maji mbele ya kuyaona. Wanayaita «mapacha», kwa sababu ni maporomoko mawili. Kama umezoea kusikia habari za Lofoi katika Kundelungu, yenye kuanguka zaidi ya metre 300, utauliza: ni hii tu tumetembelea masaa yote? Ndiyo, ni hii. Maji yanatoka juu ya jiwe jeusi, yanashuka katika ziwa dogo, na upepo wake unakulowesha mbele hujatia mukono. Yako baridi. Vijana wanaingia kwa makelele, wanatoka mbio. Wakati wa jua kali pia yanaanguka, kwa sababu lile pori lililovaa sifongo linaachilia maji polepole. Kata miti, na kijito kitakuwa cha siku za mvua tu.

Sasa tazama lile jiwe. Wewe musomaji wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kipushi, ungekuwa pale jicho lako lingetafuta rangi ya kijani. Na ungekuwa na haki. Chini ya pori la Junín kuna shaba, na ni mingi.

Lakini si shaba ya namna yetu. Sisi tulizoea jiwe ambalo mutu wa nyundo anaweza kulijua kwa macho. Ile ya Junín imetawanyika ndani ya jiwe kama chumvi ndani ya ugali. Makadirio ya miaka ya 1990 yalisema kwamba katika tani moja ya jiwe kuna kilo 7 hivi za shaba. Fanya hesabu mwenyewe: kilo 993 zinabaki. Ili kupata faida ni lazima karieri kubwa sana, na mahali pa kulaza mawe yaliyosagwa. Katika mawe hayo kuna kiberiti. Yakikutana na hewa na mvua, maji yanageuka makali, yanakula chuma, yanaua samaki. Mahali penye mvua kama pale, mambo hayo hayakawii.

Kwa hiyo maji haya madogo yamepiganiwa kwa miaka mingi. Wajapani walikuja kupima mawe pale kuanzia miaka ya 1990. Uchunguzi wao wenyewe ulionyesha kwamba mugodi ungeondoa pori nyingi na kuhamisha familia 100 hivi za vijiji ine. Watu wa kijiji waliposoma hayo, usingizi uliwatoka. Padri mumoja wa kule alikuwa kati ya watu waliowafungua macho. Waliomba serikali ije kuzungumza, na haikuja vile walivyotazamia. Katika Mei 1997 walipanda mpaka kambi ya kampuni, wakatoa vitu nje, wakaviandika kimoja kimoja ili visiibiwe, na kisha wakachoma kambi. Mimi sisifu moto. Lakini mutu anayeandika liste ya vitu vya adui wake, huyo si mwizi.

Wajapani waliondoka. Ikaja kampuni ya Kanada. Katika Desemba 2006 walinzi wenye bunduki walitumwa kupanda njia ile ile uliyopita wewe na bisi. Walipiga gesi ya machozi na risasi, na watu wa kijiji, wanawake mbele, hawakutoka njiani. Siku chache kisha, wanakijiji wasio na bunduki walikamata zaidi ya walinzi 50 katika pori, na wakawafungia katika shapeli mpaka wakubwa walipokuja. Hakuna aliyeuawa. Ukipita mbele ya ile shapeli, simama kidogo. Nimejiuliza mara nyingi kama sisi, kwa hasira ile, tungefanya vile.

Kisha Wakanada ikaja Codelco, kampuni ya serikali ya Chile, kama vile Gécamines ni ya serikali yetu, pamoja na kampuni ya serikali ya Ekuador. Mwaka wa 2014 waliingia pamoja na polisi mamia. Mukubwa wa kijiji alikamatwa, akakaa katika gereza miezi 10. Mashine za kutoboa zikapanda mpaka ndani ya pori. Tundu likifika chini sana, maji ya ndani ya mawe yanaweza kupanda nalo, pamoja na chuma na arseniki, na wenyeji walianza kulalamikia rangi ya maji ya vijito vyao.

Hapa ndipo chura anarudi. Katiba ya Ekuador ya mwaka wa 2008 inasema kitu ambacho sijakiona katika katiba nyingine mbele yake: kwamba pori, mito na nyama wako na haki zao, na kila mutu anaweza kuwasemea katika tribinali. Basi waliwasemea vyura. Siku ya 29 Machi 2023 waamuzi wa jimbo la Imbabura walisema kwamba haki za pori zimevunjwa, na kwamba watu wa kijiji hawakuulizwa vile sheria inavyotaka. Ruhusa za kampuni zikafutwa.

Ninajua unachosema sasa, wewe baba mwenye kutoka kazini na kofia ya chuma. «Pasta, watoto wangu wanakula shaba.» Ni kweli, na hata mimi sadaka inayonilisha imetoka humo humo. Na shaba iliyo katika waya ya taa yako, mahali fulani ilitoka chini ya mutu. Katika Junín pia kuna wale waliosema hivyo. Kampuni ilitoa kazi, na kijana asiye na kazi haulizi habari ya chura. Ndugu wa tumbo moja waligawanyika, wamoja waliingia kazi, wengine walisimama njiani, na kwa wengi kusalimiana kukawa muzigo. Hayo ndiyo mashimo ambayo hakuna mashine ya kuyafunika. Na wale waliokataa walijua kwamba kukataa tu hakujazi sahani. Kwa hiyo katika mwaka wa 1998 wakulima wa Intag walifanya shirika la kuuza kahawa yao pamoja. Wanawake wa bonde walianza kushona mifuko ya nyuzi za muti unaofanana na mukonge wetu, na Junín ikapokea wageni kama wewe. Si utajiri. Mutu wa mugodi angehesabu ile feza na kucheka.

Kwa hiyo ukienda, usibebe chakula chote kutoka Quito. Kula ya kwao, lala katika nyumba yao, lipa mutu wa kukuongoza, nunua kahawa. Beba nguo ya pili ya kukausha, na mufuko wa plastiki wa kufunika Biblia yako ao kitambulisho chako, juu ya ule upepo wa maji. Ndani ya ziwa dogo usitie sabuni, kwa sababu chini yake kuna watu wengine.

Na munapopanda njia, usimuulize muongozi wako alikuwa upande gani katika miaka ile. Akitaka, atakuambia yeye mwenyewe, mara nyingi munapopumuzika juu ya jiwe, miguu ndani ya maji.