Hodi Isiyongoja

Mjukuu wangu anasomea kompyuta. Mwaka jana alikuwa akijiandikia kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu ya ndani inayozisimamia nyingine zote. Hesabu zake zilitoka sawa mara nyingi, kisha ghafla zikaharibika bila sababu. "Babu," aliniambia, "kila nikilitafuta kosa, linajificha."

Siku ya tatu alilipata, akanieleza kwa sahani za mezani. Kazi inayoendelea huweka vitu vyake kwenye rundo la kumbukumbu, na prosesa ina alama inayoonyesha rundo limefika wapi. Saa ya mashine au kibodi ikiita, prosesa huiacha kazi, huandika penye alama ile mahali ilipoishia, huhudumia mwito, kisha hurudi. Hilo huitwa katizo. Ni hodi isiyongoja karibu.

Basi, katika prosesa za x86 za biti 64, kanuni inayofuatwa na Linux huruhusu kazi ndogo kutumia baiti 128 zilizo nje ya alama bila kuisogeza. Pahali hapo huitwa eneo jekundu. Programu za kawaida husalimika, kwa kuwa zikikatizwa, prosesa huhamia kwenye rundo la kiini. Lakini kiini chenyewe kikikatizwa, kwa kawaida prosesa huandika kwenye rundo lile lile, na baiti zile hufutika. Prosesa haina kosa. Alama ilisema hapo pako wazi. Ndiyo maana kiini cha Linux hutayarishwa kwa amri ya kulikataza eneo hilo. Mjukuu wangu alikuwa ameisahau amri hiyo moja.

Nilinyamaza, maana nilikumbuka deni langu. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilikuwa nikijumlisha maksi za mazoezi ya kufundisha. Za mwanachuo mmoja niliziandika kwenye kipande cha karatasi nje ya jalada, nikisema nitazinakili punde. Karani akabisha: wageni wamefika. Nilipotoka aliyafungia majalada kabatini na kusafisha meza, kama ulivyokuwa wajibu wake. Karatasi ikaenda na takataka. Niliporudi nilijaza nilichodhani nakikumbuka. Yule kijana alirudia mwaka, nami kwa miaka mingi nilimlaumu karani moyoni.

Nilimwuliza mjukuu wangu kama haiwezekani kuzizuia hodi zenyewe. Alisema inawezekana, ila kwa kitambo kidogo tu. Mashine ikiziba masikio mno, miito mingine hupotea na kazi nyingine hukwama. Dawa ni anayekatizwa kusogeza alama kwanza, ndipo aweke kitu chake.

Karani yule amekwisha kufariki. Hakuwahi kusikia lawama yangu, wala sasa hawezi kusikia kwamba nimeiondoa. Jalada lilikuwa wazi mbele yangu siku ile, ningeandika humo.